Swali Lisilokuwa Kwenye Kadi

Mkono wa tarishi ulikuwa bado umenyooshwa mbele ya Lyle Vanderhoof, na kile kikaratasi cha njano chenye swali kilikuwa bado kimebanwa kati ya vidole vya Lyle mwenyewe.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki jana. Mama mmoja kaniandikia kwamba nina roho mbaya kwa kukata hadithi pale. Mama, subiri uone ya leo.

Kwa aliyeingia sasa hivi, nakupa mawili matatu upesi. Lyle ni mshawishi. Kazi yake ni kuzunguka katika jengo la Bunge la jimbo la California, mjini Sacramento, akikitetea chama cha wenye studio za filamu za watu wazima, zile filamu ambazo kila mtu anajua zipo na hakuna anayekiri kuzitazama. Zamani aliwatetea wakulima wa pichi. Siku hizo waheshimiwa walimwita toka ng'ambo ya barabara, "Bwana Pichi! Vipi mavuno?" Tangu alipohamia kwa hawa wengine, miaka kumi na moja sasa, wanamsikiliza mlango ukiwa umefungwa. Wakikutana naye kwenye korido, ghafla wanakuwa na hamu kubwa ya kusoma matangazo ya ukutani.

Na Lyle ana siri. Siri hiyo inaitwa Noreen Azevedo, mjane, mkuu wa ofisi ya Seneta Merle Stoddard. Miaka sita wamependana kwa kujificha, kila Alhamisi mchana, kwenye mgahawa wa Wachina kule Locke, kijiji cha mtoni ambako waheshimiwa hawafiki. Alhamisi iliyopita Noreen alilia juu ya sahani ya tambi, akamwambia jambo ambalo hata mama yake mzazi hajamwambia. Seneta wake anapoteza kumbukumbu. Kila anachosema kikaoni, Noreen ndiye anayemwandikia kwenye kadi, kwa herufi kubwa. Likija swali lisilokuwa kwenye kadi, mzee ameumbuka.

Na muswada wa leo, unaotaka kuzifunga studio zote zilizo ndani ya maili moja kutoka shule au kanisa, umeletwa na nani? Na Seneta Stoddard huyo huyo.

"Bwana," tarishi akanong'ona, "nimpelekee au nisimpelekee?"

Aliyekuwa akingoja karatasi ni Seneta Corliss Beem, rafiki pekee wa Lyle kwenye ile kamati. Alikuwa ameshavaa miwani.

"Tano kwa nne," Buddy Krasnow akamnong'oneza Lyle sikioni. Buddy ndiye mwenyekiti wa chama, mtu mnene, na asubuhi ile jasho lilikuwa limemlowanisha shati hadi kiunoni. "Wana tano, tuna nne. Tunazikwa, Lyle. Wewe niambie, Bonde la San Fernando, ziliko studio zetu, kuna mtaa gani usio na kanisa? Kama una kitu, kitoe."

Upande wa pili alikaa Roxanne Tull. Aliigiza kwa miaka tisa, siku hizi anawapamba nyuso wenzake. Alikuwa ametoka kutoa ushahidi, na sauti ilikuwa imemkatika katikati. "Mkitufunga hatutaacha kazi," alikuwa ameiambia kamati. "Tutahamia kwenye magereji huko jangwani Nevada, ambako hakuna anayeuliza kama mwenzako amepimwa damu. Nimeshazika rafiki wawili. Msinizikishe wa tatu." Wakati anasema hayo, maseneta watatu walikuwa wakipekua magazeti.

Lyle akamtazama Roxanne. Akatazama saa ya ukutani.

Ni swali tu, akajiambia. Swali halijaua mtu.

Akaiachia karatasi.

Noreen alikuwa amekaa nyuma ya bosi wake, kadi mkononi. Aliiona karatasi ikitoka kwenye vidole vya Lyle. Akaifuata kwa macho hatua kwa hatua, hadi ikatua mezani kwa Seneta Beem. Kisha akamgeukia Lyle, na macho yake yakamwuliza: si hilo, sivyo? Niambie si hilo.

Lyle akaanza kufunga kalamu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Mheshimiwa Stoddard," Beem akaanza kwa upole, "nina swali dogo tu. Hii maili moja inaanza kupimwa wapi? Langoni mwa shule, au kwenye mlango wa darasa?"

Seneta Stoddard akaitazama kadi ya kwanza. Akaiweka chini. Akaichukua ya pili.

"Tunawapenda watoto wetu," akasoma.

"Hakika, mheshimiwa. Lakini maili inaanzia wapi?"

"Tunawapenda watoto wetu," mzee akasoma tena.

Nyuma kabisa mtu akacheka. Noreen akainama kwenye sikio la bosi wake. Papo hapo mwenyekiti wa kamati akagonga nyundo.

"Bi Azevedo, unajua taratibu. Aliyeulizwa ni seneta."

Mzee akageuka kutafuta sauti iliyokuwa sikioni mwake. Akamwona Noreen, na uso wake ukachangamka kama wa mtoto aliyemwona mama yake sokoni baada ya kupotea.

"Eudora," akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Hawa watu ni akina nani? Twende zetu nyumbani. Ng'ombe hawajakamuliwa."

Ukumbi mzima ulimjua Eudora Stoddard, mke wa seneta. Nusu yao walisimama kaburini kwake miaka mitatu iliyopita.

Hakuna aliyecheka tena. Noreen akauweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, mbele za watu na kamera mbili za televisheni.

"Haya, Merle," akasema. "Twende nyumbani."

Kura zikapigwa harakaharaka, kama watu wanaofunika maiti. Muswada ukaanguka.

Sasa sikilizeni mambo ya dunia.

Lyle alipotokea kwenye korido, Seneta Whitlock, ambaye kwa miaka kumi na moja hajampa hata salamu ya kidevu, alimjia akiwa amenyoosha mikono miwili.

"Vanderhoof! Wewe ni hatari, bwana! Chakula cha mchana ni juu yangu. Pale hotelini mbele ya Bunge, meza ya dirishani."

Dirishani! Mtu aliyezoea kuingizwa kwa mlango wa jikoni! Waandishi wa habari walimzunguka. Mshawishi wa mabenki akampa kadi yake. Buddy Krasnow akamkumbatia hadi akamnyanyua.

"Ulijuaje? Nani alikwambia mzee kaisha?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Acha zako! Ulijua, wewe. Nilikuona ulivyoishika ile karatasi. Wallahi wewe ni shetani, Lyle, na ni shetani wetu!"

Roxanne hakumkumbatia. Alisimama pembeni na mkoba wake kifuani.

"Yule mzee asubuhi alinifungulia mlango," akasema. "Akaniita binti. Wengine wote wananitazama hapa," akajionyesha kifua, "halafu wananihubiria. Yeye alinitazama usoni."

"Tungefungwa, Roxanne. Wewe mwenyewe ulisema, magereji, Nevada..."

"Nilisema. Na nilikuja kushinda. Lakini leo nikifika nyumbani mwanangu akiniuliza tumeshindaje, nitamwambia nini?"

Akaenda zake.

Noreen alimkuta Lyle karibu na ile sanamu ya dubu wa shaba nje ya ofisi ya gavana. Watoto wa shule walikuwa wanapanga mstari kupigwa picha nayo. Noreen hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Nilimwambia Lyle," akasema. "Sikukiambia chama."

"Noreen, nisikilize. Kuna watu maelfu ambao..."

"Usinihutubie. Mimi si kamati."

Lyle akaitazama ile sanamu.

"Ulikuwa na siku sita," Noreen akasema. "Siku sita. Ungenipigia simu hata jana. Ungesema, Noreen, mwondoe mzee kwenye ratiba, mlete mtu mwingine ausome muswada, maana nikibanwa nitauliza. Ningemwondoa. Na bila yeye pale mbele, ule muswada ungeanguka wenyewe, nani angeupigania? Ungeshinda vilevile. Na yeye angekufa siku yake akiwa bado ni Seneta Stoddard."

Msomaji, nimemfuata Lyle tangu toleo la kwanza, na leo sitamtetea. Lile neno lilikuwa kweli tupu, na kwa siku sita halikumpitia kichwani hata mara moja. Alipewa siri, na miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa imemfundisha kitu kimoja tu cha kufanya na siri.

"Sikuwaza hilo," akasema.

"Hukuwaza. Ndilo linaloniua." Akaikaza midomo. "Ungekuwa umewaza ukakataa, ningekuchukia, nikalala. Sasa hata kukuchukia sijui nikushike wapi."

"Noreen, kesho Alhamisi..."

"Alhamisi hakuna tena."

Kijana wa ofisi ya Rais wa Seneti akaja mbio: mkuu anamtaka Bi Azevedo sasa hivi, aeleze alianza lini kumfichia bosi wake maradhi. Noreen akatengeneza koti lake.

"Usinipigie simu, Lyle. Nikiona namba yako sitapokea."

Miaka sita walitamani kusimama pamoja mchana kweupe, mbele za watu. Wakasimama. Ilikuwa dakika tatu.

Lyle hakwenda kwenye meza ya dirishani. Alishuka kwa lifti hadi maegesho ya chini, akitafuta gari lake na mahali pa kulilia. Alipolifikia, alikuta mtu ameegemea mlango.

"Bwana Pichi!" Seneta Stoddard akasema kwa furaha. "Umechelewa, kijana. Nipeleke nyumbani, Eudora ananingoja."

Mzee alikuwa amemtoroka msaidizi aliyeachiwa amlinde. Lyle akamshika kiwiko taratibu.

"Mheshimiwa, turudi juu kwanza. Noreen atakutafuta."

"Sirudi juu!" Macho ya mzee yakajaa machozi ghafla. "Kuna watu kule. Nilisema kitu kibaya, sikumbuki nini. Walinyamaza wote. Usinirudishe, kijana, nakuomba."

Wewe ungefanya nini? Lyle alimfungulia mlango. Alimfunga mkanda kama anavyofungwa mtoto. Akampigia Noreen. Simu ikaita mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa mlio wa kwanza tu. Akaacha ujumbe: "Noreen, mzee yuko na mimi, mzima. Hataki kurudi juu. Nampeleka nyumbani kwake kwa njia ya mtoni. Tafadhali, njoo."

Nyumba ya seneta iko kusini mwa mji, na njia yake inapita juu ya tuta la mto. Ilikuwa Aprili. Theluji ya milimani ilikuwa imeyeyuka na Mto Sacramento umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakienda kasi chini ya miti. Upande wa pili, bondeni, mashamba ya mapeasi yalikuwa yametoa maua meupe hadi macho yanapochoka.

Nje ya mji mzee alitulia. Ya leo yalikuwa yameshamtoka, lakini ya zamani aliyakumbuka kama juzi.

"Mwaka ule jalidi ilipounguza pichi zote kwa baridi," akasema, "ulilala ofisini kwangu siku nne, unakumbuka? Mpaka tukawapatia wakulima wenu ile fidia. Eudora alikuletea supu."

"Nakumbuka, mheshimiwa. Ilikuwa ya kunde na nyama ya nguruwe."

"Uliila sufuria nzima, mroho wewe!" Wakacheka wote wawili, na Lyle akashangaa kwamba bado anaweza. "Hivi wewe hujaoa tu?"

"Bado."

"Utaoa. Noreen kaniambia."

Mguu wa Lyle ukateleza kwenye pedali. Gari la nyuma likapiga honi.

"Kakwambia nini?"

"Jumatatu. Au lini vile? Alikuja analia na kucheka, nikadhani kapata habari za msiba. Anasema anaacha kazi, muswada upite, muswada uanguke, yeye anaondoka. Anataka kukaa na Bwana Pichi kweupe. Ananiomba ruhusa, kama mimi ni baba yake!" Mzee akampigapiga Lyle begani. "Nikamwambia, binti yangu, nenda. Yule kijana namjua. Sijawahi kumwona akimdhuru mtu."

Lyle akapunguza mwendo.

Labda mzee anaota, akajiambia. Mtu anayemwona marehemu mkewe kikaoni anaweza kuota lolote. Ee Mungu, na awe anaota.

"Barua yake ninayo," mzee akasema. "Nimeikalia tu. Nilitaka kuisaini, nikasahau kalamu ilipo."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne.

Lyle akalisimamisha gari kando ya tuta. Akaifungua bahasha. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kwenye kadi, ila herufi zilikuwa ndogo.

*Mheshimiwa, naomba kuacha kazi mwisho wa mwezi huu. Nakusudia kuolewa na Lyle Vanderhoof. Yeye bado hajui, nitamwambia Alhamisi. Najua watakayosema watu juu ya kazi yake na juu yangu. Waache waseme, nimechoka kumpenda kwa kunyata. Nitakutafutia mtu mwema wa kukuandikia, na Jumapili nitakuja mwenyewe. Nisamehe jambo moja. Nimemwambia habari zako. Sikuweza kuibeba peke yangu, na hakuna mtu duniani ninayemwamini kama yeye.*

Akaisoma. Akaisoma tena. Mara ya tatu herufi zilikuwa zimeshaanza kuogelea. Lyle Vanderhoof, aliyekuwa akiwatazama maseneta usoni bila kupepesa, aliuegemeza uso wake kwenye usukani akalia kwa sauti, kilio cha mtu mzima, kibaya kukisikia, mabega yakimruka.

Hajui alilia kwa muda gani. Kilichomwinua ni simu.

Ilikuwa namba ya Noreen.

"Lyle." Hakukuwa na salamu. Sauti ilikuwa imechoka kabisa. "Nimesikia ujumbe wako. Wamenifukuza kazi, lakini si hilo ninalopigia. Nisikilize vizuri. Mzee akiwa karibu na mto usimwachie mkono. Eudora alizama pale pale mtoni, chini ya nyumba yao. Watu waliambiwa ni moyo. Kila akiyaona maji anataka kumfuata. Umemshika?"

Lyle akageuka.

Mkanda ulikuwa umefunguliwa. Mlango wa abiria ulikuwa wazi, unayumba kwa upepo, na majani marefu ya kwenye mteremko yalikuwa yamelazwa mstari mmoja, kutoka kwenye gari kuelekea chini.

"Lyle? Mpe simu niongee naye."

Akafungua kinywa. Kabla neno halijatoka, sauti ya mwanamke ikapanda kutoka mtoni, kali, ikishindana na injini ya boti.

"Wewe uliye huko juu! Shuka! Kuna mzee huku majini!"

Kisha Noreen akauliza, polepole, kama mtu anayeomba asijibiwe:

"Lyle, huyo anasema mzee gani?"